Maji Manne ya Chomboni

Mabaharia wa Kiingereza wakienda haja husema wanakwenda kichwani. Kichwa hicho ni cha meli, yaani omo. Katika merikebu zao za zamani, zenye matanga ya mraba, upepo ulipiga kutoka nyuma, harufu ikachukuliwa mbele, na mawimbi yaliyopasuliwa na omo yakaziosha mbao walizokalia. Jina likabaki hata baada ya choo kuhamia katikati ya chombo na kupata mlango wake. Sisi wa pwani hii tulikwenda kinyume. Omo ya jahazi iko chini na hulowa. Tezi ndiyo iliyoinuka, na huko ndiko kilikofungwa kile kijumba kidogo cha mbao kilichoning'inia nje ya chombo, chini yake wazi. Mabaharia wa Kuwait, waliokuwa wakija na mabumu yao kupakia boriti za mikoko Rufiji, walikiita zuli. Wetu walisema choo, basi.

Omo au tezi, mambo yaliishia pale pale: kilichotoka kiliangukia baharini. Ndiyo maana Kiswahili, lugha yenye jina la kila ubao wa chombo, kuanzia mkuku hadi mataruma, kuanzia foromali hadi usukani, hakikurithi jina la kile kitu kinachopokea haja za watu wakaao chomboni na kukaa nazo mpaka zifike nchi kavu. Hakuna aliyelihitaji. Sasa linahitajika, na ningependa tulichague kwa makini, kwa sababu humo chomboni maji ya kunywa na maji ya chooni hutenganishwa na ubao mmoja tu, na jina lililowekwa ovyo linaweza kumnywesha mtu uchafu.

Chombo ninachokizungumzia ni boti nyembamba za mifereji ya Uingereza. Mifereji hiyo ilichimbwa zaidi katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 ili kusafirisha makaa ya mawe, udongo wa mfinyanzi na bidhaa za viwandani, na mingi ilijengewa vyumba vya kupandishia na kushushia boti vyenye upana wa futi saba, kama mita 2.1. Upana huo ndio ulioamua umbo la boti hadi leo: mwili mrefu, wa kiasi cha mita 22 kwa zile ndefu kabisa, na ndani nafasi ambayo mtu akinyoosha mikono yote miwili anakaribia kugusa kuta za pande mbili. Familia za wachukuzi ziliishi katika kibanda cha nyuma chenye urefu wa kama mita tatu, baba, mama na watoto, na choo chao kilikuwa ndoo. Leo mizigo imehamia barabarani. Mtandao wa mifereji na mito ya England na Wales, kama kilomita 3,200, uko chini ya taasisi iitwayo Canal & River Trust tangu 2012, na watu wengi wamehamia majini moja kwa moja, hasa London ambako kodi ya nyumba haishikiki.

Mfereji hauna bamvua wala maji mafu. Maji yake yamesimama. Kinachotupwa asubuhi kwenye ubavu wa boti hii, jioni kiko chini ya dirisha la jirani. Ndiyo sababu ni marufuku kumwaga humo chochote kitokacho chooni. Hata hivyo maji ya kuoshea vyombo na ya kuogea yanaruhusiwa kutoka ubavuni na kuingia mferejini, na boti nyingi zina vitundu vyake vinavyochuruzika wazi kila mtu akiona. Tofauti hiyo ya kisheria ndiyo iliyonishughulisha. Mwenzetu mmoja wa Unguja aishiye kwenye boti ya namna hiyo aliniomba nimfasirie mwongozo wa kufunga tangi la choo, ili baba yake mdogo, fundi bomba wa miaka mingi aliyekuja kumtembelea, aifanye kazi hiyo pamoja naye. Mwongozo wenyewe ulikuwa wa kurasa chache. Maneno yake ndiyo yaliyokuwa mengi.

Chomboni mna maji ya aina nne, na kila moja ina njia yake. Kuna maji safi, yanayojazwa kwa mpira kutoka bomba la ukingoni. Kuna maji ya kuoshea, ya sinki na ya bafuni. Kuna maji ya chooni. Na kuna maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini kabisa ya chombo, yenye mafuta ya mashine na kutu, ambayo mabaharia wetu wameyafua kwa vikopo na kata tangu zamani. Maji ya ngama yana jina lake na hayahitaji msaada wangu. Lile kundi la kati ndilo lenye taabu. Kiingereza kimeyagawa kwa rangi: ya kuoshea yakaitwa ya kijivu, ya chooni yakaitwa meusi, na lugha kadhaa za Ulaya zikafuata. Nimewahi kuona watu wakiandika kwa Kiswahili maji ya kijivu na maji meusi. Msomaji wetu hapati kitu hapo. Povu la sabuni halina ukijivu kwake, wala kilichomo tangini si cheusi, na rangi haimwambii yametoka wapi wala yaende wapi.

Neno letu la kawaida ni majitaka, nalo ni neno zuri la mji. Mabwawa ya majitaka ya Vingunguti au Buguruni jijini Dar es Salaam hayaulizi kilichoingia kimetoka jikoni au chooni. Yote yamefika pamoja kwa bomba moja au kwa gari, na mamlaka inayashughulikia pamoja. Ukilipeleka neno hilohilo mferejini, linaharibika. Tangazo lisemalo «Usimwage majitaka» litamkataza mtu kuosha sufuria yake, jambo ambalo hakukatazwa. Au, na hili ndilo baya zaidi, atamwona jirani akimwaga maji ya vyombo, atajua tangazo halifuatwi, na siku moja atafungua na ile koki nyingine. Kwa hiyo nimeshikilia maji ya kuoshea na maji ya chooni. Hayana umaridadi, lakini yanataja chanzo, na chanzo ndicho sheria inachokitazama. Wataalamu wa usafi wa mazingira Tanzania wana neno jingine, tope kinyesi, kwa kile kinachotolewa mashimoni. Hilo nimelihifadhia kazi moja tu: ule utando mzito unaoganda chini ya tangi ambalo miaka inapita halisukutuliwi, mpaka ujazo wake unapungua na mwenyewe hajui kwa nini linajaa upesi.

Sasa chombo chenyewe kinachopokea. Jina la Kiingereza likifasiriwa neno kwa neno linakuwa tangi la kushikilia, na mtu anayesikiliza taarifa ya habari atamkumbuka mtuhumiwa anayeshikiliwa na polisi. Kiasi fulani maana inalingana: kimewekwa kizuizini kwa muda mpaka kipelekwe panapostahili. Ila kushikilia kwetu kunadai mkono na nia, na tangi halina vyote viwili. Wengine huandika tangi la kuhifadhia kinyesi. Hapa nafsi yangu inagoma. Kuhifadhi ni kitenzi cha heshima: huhifadhiwa Kurani kifuani, huhifadhiwa mbegu, huhifadhiwa wanyama wa Serengeti. Anayehifadhi anataka kitu kisiharibike. Hakuna anayetaka hiki kisiharibike, na kwa kweli, kama nitakavyoeleza, tangi zuri ni lile linalokiacha kioze vizuri.

Lakini shida yangu kubwa ni neno tangi lenyewe. Katika boti moja mna tangi la maji ya kunywa, tangi la dizeli na tangi la choo. Fundi wetu alikuwa na tabia ya kuyaita yote simtanki, kwa sababu kule kwetu jina la matangi ya plastiki ya kampuni moja limegeuka kuwa jina la tangi lolote la plastiki. Hakukosea kuhusu malighafi. Matangi bora ya choo hutengenezwa kwa poliethilini nene, plastiki ileile ya matangi yetu ya maji, kwa kuwa haina mshono na mkojo hauwezi kuila. Alumini huoza upesi. Hata stenlesi huliwa kwenye viungio vilivyochomelewa. Na boti za chuma ambazo ubavu wake wenyewe umefanywa kuwa ukuta wa tangi huota kutu kwa ndani mahali ambapo hapafiki jicho wala brashi. Ila ukiwa na simtanki tatu chini ya sakafu moja, na mtu akauliza usiku kwenye kiza ni ipi afungue, jina halimsaidii.

Kiswahili kilikwisha kulitatua hili zamani, nchi kavu. Nenda Gedi, karibu na Malindi, mji ambao James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, utaona katika magofu ya nyumba za mawe vyoo vilivyojengwa ndani ya nyumba, karne nyingi kabla ya mabomba. Nenda Lamu, kwenye nyumba za kale, utaona bafuni birika la maji safi lililojengewa ukutani, ndani yake samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Waliojenga nyumba hizo walikaa na maji safi na uchafu chini ya paa moja, kama anavyokaa mtu wa boti, na lugha yao ikatenga: safi yana birika, mtungi, kasiki, dumu, machafu yana shimo, chemba, karo. Hakuna aliyeita birika na shimo kwa jina moja. Tangi ndilo lililokuja baadaye na kuchanganya.

Kwa hiyo napendekeza karo. Mtu wa Dar es Salaam au Morogoro akiambiwa karo limejaa hahitaji maelezo. Anajua ni nini, anajua linajengwa upande gani wa nyumba, na anajua aite gari gani. Neno hili linabeba pia kile ambacho tangi la kushikilia lilitaka kusema kwa kitenzi: karo hupokea, hujaa, hunyonywa. Halikuumbwa kuhifadhi.

Najua pingamizi. Kenya, karo ni ada ya shule, na mzazi wa Nakuru akisikia karo imepanda atatafuta pesa. Ngeli inasaidia kidogo, maana wengi husema karo ya shule imepanda lakini karo la choo limejaa, ingawa si wote wanaozingatia. Pingamizi zito zaidi linatoka pwani, ambako kwa baadhi ya watu karo ni mahali pa kuoshea vyombo. Hapo tunarudi kwenye mpaka uleule wa maji ya kuoshea na maji ya chooni, na neno tupu halitoshi. Likiandikwa karo la choo, linamtosha Mkenya, linamtosha Mpemba, na linamtosha yule wa bara. Silabi tatu za ziada si gharama.

Ukubwa wake huamuliwa na kile watu wanachosafishia choo kuliko kile wanachokitoa wenyewe. Mtu mzima hutoa kama lita moja na nusu ya mkojo kwa siku. Maji ya kusukumia ndiyo yanayojaza. Mabaharia wetu walikuwa na neno ambalo mwongozo ule haukulitumia na lingeupunguzia aya nzima: farumi. Katika boti nyembamba farumi ni matofali na vibamba vya zege vilivyopangwa chini ya sakafu ili chombo kikae sawa majini. Karo la lita 200 likijaa ni kilo 200 hivi zilizoongezeka polepole upande mmoja wa chombo, kisha zinaondoka zote katika muda mfupi siku ya kunyonya. Ni farumi inayokua na kutoweka. Yule fundi, ambaye hakuwahi kufunga kitu chochote chomboni, alilielewa hilo mara moja kwa neno hilo moja. Alitaka karo liwekwe katikati, juu ya mstari wa mkuku. Palipokuwa hapana nafasi, likaenda chini ya kitanda, na vibamba vikahamishwa upande wa pili. Ndani ya karo kubwa huwekwa pia viwambo vyenye matundu, ili kilichomo kisipate mbio kikaenda kugonga ukuta chombo kinapoyumba.

Kazi ilikwama kwenye bomba. Sijui neno la Kiswahili cha mafundi lililobebeshwa mzigo kama hili. Bomba ni mrija wa chuma au plastiki. Bomba ni mashine inayosukuma. Bomba ni pale unapochotea maji. Bomba ni la kujazia upepo baiskeli. Nyumbani haidhuru, kwa sababu kitu chenyewe kipo mbele ya macho. Nilipoandika «unganisha bomba la choo na bomba la karo», fundi aliniuliza kwa upole, «Mwalimu, hapa bomba lipi? Linalosukuma au linalopitisha?» Sentensi yangu ilikuwa na maana mbili zinazokwenda njia tofauti, na moja yake ingefunga mashine mahali pa mrija.

Tukakubaliana hivi. Kinachosukuma ni pampu, siku zote. Kinachosaga kabla ya kusukuma ni pampu ya kusagia. Baadhi ya vyoo vina kisagio hicho ndani yake, na hapo karo linaweza kukaa mbali na choo. Kile kigumu ni bomba. Kinachopindika ni mpira. Mgawanyo wa bomba na mpira una faida yake. Mpira wa choo, ambao kwa kawaida una kipenyo cha milimita 38, una ugonjwa ambao bomba gumu halina: harufu hupenya ukuta wake. Mpira haujavuja tone, vibano viwili vya stenlesi vimebana kila mwisho, na bado chumba kinanuka. Wenye boti huupima kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto: hukizungusha kwenye mpira, hukiacha kipoe, kisha hukinusa mbali na hapo. Kikinuka, mpira umekwisha. Ndiyo sababu mpira haupaswi kuachwa umeinama mahali ambapo maji ya chooni yatatuama ndani yake. Hili fundi alikuwa na msamiati wake wa kutosha: mteremko, kiwiko, kutuama. Nilichofanya ni kuandika alivyosema.

Boti za baharini zina jambo zaidi, na mwongozo ulilieleza kwa kirefu, maana linazamisha vyombo. Choo chao huvuta maji ya bahari kusukumia, na mara nyingi bakuli liko chini ya usawa wa maji ya nje. Kila aliyewahi kuhamisha petroli kwa mpira kutoka dumu hadi dumu anajua kilichobaki: yakishaanza, maji hujivuta yenyewe, na hayataacha mpaka ndani na nje ziwe sawa. Kinga yake ni kuupandisha mpira juu ya usawa wa maji, hata chombo kikilala upande, kisha kuushusha tena, na pale juu kabisa kuweka kitundu chenye vali ndogo inayoingiza hewa na kuukata mvuto. Umbo hilo nimeliita tao, na kitundu chake pumulio la tao. Pale mpira unapotoboa mwili wa chombo kuna koki nzito ya kufunga kwa mkono. Nilitamani kuitumia nguruzi, jina la lile tundu lenye kizibo chini ya mashua zetu ambalo hufunguliwa chombo kikipandishwa mchangani ili maji yatoke. Nikaacha, kwa moyo mzito. Nguruzi hufunguliwa chombo kikiwa kikavu. Hii hufunguliwa chombo kikielea. Mtu akiifikiria kwa mazoea ya nguruzi anaweza kufa maji. Ikabaki koki ya mwilini.

Pumulio ndilo neno ninalolipenda kuliko yote niliyoyafikia katika kazi ile. Vijijini kwetu watu wanaufahamu mrija unaopanda nyuma ya choo cha shimo kilichoboreshwa, ule wenye wavu juu, uliotokana na kazi ya Peter Morgan huko Zimbabwe katika miaka ya 1970. Wanauita bomba la hewa. Chomboni jina hilo linaturudisha kwa yule mwenye baiskeli. Pia halisemi mrija unafanya nini. Katika karo mna bakteria wa namna mbili. Wale wanaohitaji oksijeni huozesha bila uvundo mkubwa. Ikiisha oksijeni, wengine hushika nafasi, na wanaotumia salfeti hutoa haidrojeni salfaidi, gesi ya mayai viza. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, kama gramu 2.7 kwa lita, ndiyo maana vyoo vinavyosukumiwa maji ya bahari hunuka zaidi kuliko vinavyosukumiwa maji baridi. Kwa hiyo kazi ya mrija ule ni kuingiza hewa ndani kama ilivyo kuitoa nje. Karo linapumua. Likiwa na pumulio pana, la milimita 25 au zaidi, fupi na lililonyooka, na ikiwezekana mawili pande mbili za chombo ili upepo upite kati, linakaa bila kumkera mtu.

Ukiliita tundu la kutolea harufu, mwenye boti atalifanya dogo na jembamba akidhani anajikinga, tena atalizungusha kona tatu ili liende mbali na dirisha lake. Matokeo yake ni karo lililokosa hewa na kuviza. Zaidi ya hapo, pumulio likiziba, siku ya kunyonya pampu ya nje inavuta bila hewa kuingia na kuta za karo hubonyea ndani. Au shinikizo linajikusanya, na anayefungua kifuniko cha juu anamwagikiwa. Jina linaweza kumfundisha mtu kipenyo. Naliamini hilo kwa dhati. Na kwa kuwa mafundi wetu wengi wanajua habari za watu waliofia mashimoni wakifuatana mmoja baada ya mwingine, niliongeza sentensi ambayo haikuwa katika mwongozo: usiingize kichwa kwenye karo, hata tupu, kwa kuwa gesi ya mayai viza ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kuinusa kabla haijamuua mtu.

Kuhusu kukitoa kilichomo karoni, Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofanya kazi ambayo sheria za nchi nyingine zimeifanya kwa kurasa. Gari la majitaka hunyonya. Lakini mtaani mvua ikinyesha, wapo wanaozibua makaro yao ili yaliyomo yachukuliwe na mafuriko, hao wanatapisha. Kunyonya ni kazi ya halali inayolipiwa. Kutapisha kuna karaha na lawama ndani yake. Basi kituo cha ukingoni mwa mfereji chenye pampu na mpira ni kituo cha kunyonyea, na kuachia majini ni kutapisha, hata kwa mwenye yacht ya fahari.

Ukiwa na vitenzi hivyo, sheria inasomeka. Marekani, kwa mujibu wa sheria ya maji safi ya mwaka 1972, mtu haruhusiwi kutapisha maji ya chooni ambayo hayajasafishwa ndani ya maili tatu za baharini kutoka pwani. Boti yenye mirija miwili, mmoja kwenda karoni na mmoja kwenda baharini, lazima ule wa pili ufungwe kwa njia ya kuaminika, kwa mfano kwa kufuli au kwa kuondoa mkono wa koki. Koki hiyo ya kuchagua njia, yenye umbo la herufi Y, nimeiita koki ya njia panda, na fundi hakuuliza. Kwa meli kubwa upo mkataba wa MARPOL, ambao kiambatisho chake cha nne, kilichoanza kutumika tarehe 27 Septemba 2003, kinahusu meli za tani 400 na zaidi au zilizoidhinishwa kubeba zaidi ya watu 15 katika safari za kimataifa. Yaliyosagwa na kuuliwa vijidudu yanaweza kuachiwa zaidi ya maili tatu kutoka nchi kavu iliyo karibu. Mabichi, zaidi ya maili 12, tena polepole na meli ikiwa mwendoni, si chini ya maili nne za baharini kwa saa. Mfereji hauna maili 12 za kukimbilia, kwa hiyo humo ni kunyonya tu.

Au ni kubeba. Boti nyingi hazina karo. Zina choo chenye kisanduku cha kiasi cha lita 20 kinachochomolewa na kupelekwa kwa mkono mahali pa kumwagia. Mahali hapo Waingereza wanapaita kwa jina la kampuni, Elsan, iliyoanzishwa mwaka 1924 na Ephraim Louis Jackson. Herufi mbili za kwanza ni za majina yake ya kwanza. Vyoo vyake vya dawa vilibebwa hata kwenye ndege za mabomu za Waingereza katika Vita Kuu ya Pili. Ni safari ileile ya simtanki, chapa kugeuka nomino. Sikuona sababu ya kulileta jina hilo kwetu. Mahali pa kumwagia choo panatosha.

Mwisho ni vifuniko vya sitahani. Vimechongwa kwa chuma, vimelala bapa, vinafanana, na mara nyingine viko hatua mbili kutoka kimoja hadi kingine. Kwa Kiingereza kimoja huandikwa WATER na kingine WASTE. Herufi nne kati ya tano ni zilezile, na mbili za mwanzo hazitofautiani hata kidogo. Mtu anayeshika mpira wenye maji usiku, mvua ikinyesha, anatenganishwa na kosa baya kabisa kwa herufi tatu za mwisho wa neno. Nilipoandika rasimu yetu kwa Kiswahili nikaona tumefanya vibaya zaidi: MAJI na MAJITAKA. Neno lote la kwanza limo ndani ya la pili. Tope likifunika herufi za mwisho, au mguu ukizisugua kwa miaka, kifuniko cha uchafu kinabaki kimeandikwa MAJI.

Fundi alitaka paandikwe KARO. Mwenye boti, ambaye marafiki zake wa Nairobi humtembelea na kumsaidia kujaza maji, alisita. Cha dizeli kiliandikwa DIZELI na kuhamishiwa tezi, karibu na mashine. Cha maji safi kikaandikwa MAJI, upande wa kulia. Cha tatu kikawekwa upande wa kushoto na kuchongwa CHOO, herufi ambazo hakuna hata moja iliyomo katika MAJI.